Nimepewa ukuu wa kitengo, lakini mteja akiahirisha nafurahi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mnasihi wa afya ya akili kwenye kituo chenye wanasihi tisa, pamoja na wanafunzi wanaokuja kila muhula kwa mafunzo ya vitendo. Nami nilianzia hapahapa nikiwa mwanafunzi. Nilikuwa naingia chumbani na karatasi ya maswali mapajani. Mteja akinyamaza kidogo tu, nimeshadandia swali linalofuata. Msimamizi wangu wa wakati huo, mama mmoja mtaratibu sana, alikuwa tunasikiliza naye rekodi za vikao vyangu (wateja walikuwa wameridhia), anaisimamisha palepale nilipomkatiza mtu, ananiuliza: "Hapa ulikuwa unamsaidia yeye au unajisaidia wewe?" Kuna wakati nilimchukia. Leo najua ndiye aliyenifanya mnasihi.

Nikamaliza saa zangu, nikafaulu mtihani, nikapata leseni, nikaajiriwa. Wateja wangu wengi ni watu waliopitia ukatili. Yule mama alistaafu muda mfupi baada ya mimi kupata leseni, na tangu hapo sijawahi kuwa na msimamizi wa kitaaluma. Mkurugenzi wetu husema mwenye leseni anajisimamia. Kikao cha wafanyakazi kipo kila Jumatatu, ila ni cha ratiba, ripoti na nani yuko likizo.

Sasa mkuu wa kitengo anaondoka, na mkurugenzi ameniita akaniambia nafasi ni yangu nikiitaka. Nitawasimamia wanasihi wote na wanafunzi wa mafunzo, nitaandika bajeti na ripoti. Wateja, anasema, nitawapunguza au nitawaacha kabisa. Wakati huohuo chama chetu cha kitaaluma kinaniomba nigombee ujumbe wa kamati ya maadili. Yote yamekuja mwezi mmoja.

Ninaogopa, Shangazi. Naona kama watu wamenikosea, kwamba siku moja mtu atafungua mlango na kusema huyu hajui anachofanya. Halafu mmoja wa nitakaowasimamia ni rafiki yangu tuliyefanya naye mafunzo, tulikuwa tunagawana meza, ananijua nje ndani nami namjua, na najua aliitaka sana nafasi hii. Na kuna mteja wangu mmoja, mama wa makamo, ambaye ndiyo kwanza ameanza kusema yaliyompata. Nikimwacha sasa itakuwaje?

Ila kusema kweli mwili wangu unataka nikubali. Siku hizi mteja akituma ujumbe kwamba hatakuja nafurahi, kisha naona aibu. Pengine nimeshamaliza zamu yangu ya kukaa kitini na kusikiliza, na sasa ni wakati wa kupanda. Mume wangu anasema niache maswali, bahati haiji mara mbili. Mkurugenzi anataka jibu mwisho wa mwezi. Nikubali au nikatae?

Mnasihi wa Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu.

Kubali, kwa masharti nitakayokupa, na isiwe kwa sababu uliyoiandika mwishoni. Wanasihi tunawajua wateja wanaokaa saa nzima wakizungumzia mengine, halafu jambo lenyewe wanalisema mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Safari hii umefanya wewe. Umeniandikia habari za cheo, rafiki na kamati, na kwenye mistari ya mwisho ukaniambia unafurahi mteja asipokuja. Nitaanza hapo.

Siku mojamoja kila mnasihi hufurahia kikao kilichoahirishwa, tena hunywa chai yake kwa raha. Ikishakuwa ndiyo hali ya wiki kwa wiki, huo ni uchovu wa kazi, na taaluma yetu inaufahamu kwa karibu kwa sababu ulianza kuandikwa kwetu. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekuwa akijitolea kwenye kliniki ya bure jijini New York, aliandika kuhusu wahudumu waliokuwa wakizimika mmoja mmoja, na wa kwanza kuzimika walikuwa wale waliojitoa zaidi. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakachapisha kipimo chao kinachotazama mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona watu kama mafaili, na kuona kazi yako haizai kitu. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, halikuuita ugonjwa. Limeuita hali itokanayo na msongo sugu wa kazini ambao haukushughulikiwa.

Shika hilo la mwisho. Chanzo kitafutwe kwenye mpangilio wa kazi kabla hujaanza kujilaumu moyo mgumu. Na mpangilio wenu una tundu kubwa: unasikiliza habari za ukatili asubuhi hadi jioni, na hakuna mtu anayekaa na wewe mkazitazama pamoja. "Mwenye leseni anajisimamia" ni maneno ya mtu anayehesabu vyumba na saa. Ziko nchi ambako sheria ikishakupa leseni haikudai tena msimamizi, sawa, lakini sheria kutokudai hakukufanyi usihitaji. Uingereza, chama cha wanasihi na watibabu wa saikolojia, BACP, kinawataka wanachama wake wenye ithibati wapate usimamizi usiopungua saa moja na nusu kila mwezi muda wote wanapoona wateja, hata mwenye mvi kichwa kizima. Hawachukulii kwamba mwenye mvi hajui kazi. Wanajua kwamba mtu hawezi kuuona mgongo wake mwenyewe.

Sasa tuseme umekikubali cheo ili upumzike na wateja. Uchovu huo hautabaki kwenye chumba cha zamani, utahamia nao ofisini, na watakaoupokea ni wale wanasihi wengine na wanafunzi wao. Mwaka 1955 daktari wa magonjwa ya akili Harold Searles alieleza jambo ambalo kila msimamizi huliona mapema: yanayotokea kati ya mtibabu na mgonjwa hujirudia kati ya mtibabu na msimamizi wake. Mwanafunzi anaingia kwako anaongea haraka, anaruka kutoka hili kwenda lile, na wewe unajikuta unamrushia majibu mfululizo kabla hajamaliza sentensi. Msimamizi mwenye nafasi kichwani atajishtukia, atanyamaza, atauliza: "Mteja wako naye ndivyo alivyokufanya?" Mara nyingi mwanafunzi hufungua mdomo na kucheka. Msimamizi aliyechoka haoni kitu. Atasema mpe rufaa, lete kesi nyingine.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni upate msimamizi wako mwenyewe, nje ya kituo, kituo kigharamie, na awe mtu asiyekuandikia tathmini wala kukulipa mshahara. Anayeyasikiliza machozi yako akiwa ndiye anayejaza fomu yako ya mwaka, utayachuja machozi. Hili liangalie na upande wa pili, maana ukishakuwa mkuu, mtu huyo wa fomu utakuwa wewe. Wanasihi wenye leseni watengewe usimamizi wa kitaaluma kwa mtu mwingine, au wakutane wenyewe kwa wenyewe kwa utaratibu unaoeleweka, na wewe ubaki na zamu, mafaili, malalamiko na idadi ya wateja wa kila mmoja. Kwa wanafunzi huwezi kukwepa kuwa mlezi na hakimu kwa pamoja. Waambie hivyo siku ya kwanza, ili asije mtu akakufungulia moyo mwezi wa pili na kushangaa alama mwezi wa nne. (Kama uchovu umeshafika kwenye usingizi na hamu ya kula, tafuta na mnasihi wa kwako binafsi. Huyo ni mwingine tena, si msimamizi.)

Kuhusu kujiona umewadanganya watu: Pauline Clance na Suzanne Imes waliliandikia hilo mwaka 1978, wakiwaeleza wanawake wenye shahada na vyeo ambao ndani yao waliamini wamefika kwa kukosewa. Hofu hiyo imewakaa wengi, nisikupotezee muda nayo. Ila mimi naona nusu ya hofu yako ina haki. Kazi hii mpya kweli hujafundishwa. Tazama ulivyoandaliwa kuwa mnasihi. Marekani, vyuo vilivyoidhinishwa na CACREP, baraza linalokagua mafunzo ya unasihi, humpitisha mwanafunzi kwenye saa 100 za majaribio, 40 kati yake akiwa na wateja, kisha saa 600 za mafunzo ya vitendo, 240 kati yake ana kwa ana na wateja, na muda wote huo kuna mtu anamtazama. Saa zako huenda zilihesabiwa tofauti, lakini zilihesabiwa. Saa za kujifunza kumsimamia mnasihi mwenzako ni ngapi? Watu wanadhani msikilizaji mzuri anageuka kuwa msimamizi mzuri akipewa funguo za ofisi. Sharti la pili, basi, ni mafunzo ya usimamizi, na yaanze kabla ya kukabidhiwa wanafunzi.

Utakachokutana nacho mapema kwenye mafunzo hayo ni mfano wa Janine Bernard wa mwaka 1979, kwamba msimamizi huvaa kofia tatu: ya mwalimu, ya mnasihi na ya mshauri mwenza, na kazi ni kujua ivaliwe ipi lini. Yule mama yako alizivaa vizuri. Kuisimamisha rekodi ni ualimu. Lile swali lake liligusa nafsi yako, ila likabaki kwenye kazi. Hakukuuliza kwa nini ukimya unakutisha tangu utotoni. Hapo ndipo wakuu wapya wanapoteleza, hasa waliokuwa wanasihi hodari. Mwanafunzi anatokwa machozi, na wewe mwenye ujuzi wa machozi unavuta kiti, mnamaliza saa nzima kwenye maisha yake, na mteja wake hajatajwa. Maadili ya chama cha wanasihi cha Marekani ya mwaka 2014 yanakataza waziwazi msimamizi kumpa huduma ya unasihi anayemsimamia. Uliza jambo hilo linaigusaje kazi yake na mteja huyu, yaliyobaki mwelekeze kwa mnasihi mwingine.

Nikuonyeshe siku moja ya kazi hiyo, maana mkurugenzi wako amekutajia bajeti tu. Ni Ijumaa, jua linazama, wengine wameshafunga makabati. Mwanafunzi anakuja mlangoni kwako midomo imekauka: mteja aliye naye amesema haoni sababu ya kuishi. Miguu yako itataka kusimama iende kwa mteja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi uliyoizoea. Kaa kwanza nusu dakika. Muulize mwanafunzi, mteja yuko na nani sasa hivi. Kama yuko peke yake, mtu akakae naye kabla ya swali jingine. Umemuuliza wazi kama anafikiria kujiua? Wanafunzi wengi huzungukazunguka swali hili wakihofia kumpandikizia mtu wazo, na utafiti unaonyesha kwamba kuuliza hakupandikizi. Amepanga namna? Anacho cha kutumia? Nyumbani kuna nani, na ameridhia apigiwe nani? Halafu mnaingia wote wawili, mwanafunzi akiwa bado ndiye mnasihi wake, wewe pembeni, ukichukua usukani pale tu hatari inapokulazimisha. Mteja akishakuwa kwenye mikono salama, iwe ya ndugu au ya hospitali, faili linaandikwa papo hapo na saa zake. Na mwanafunzi haondoki mara moja. Anakaa kwenye kiti chako mpaka mikono itulie. Mimi nikiambiwa uongozi kwenye unasihi, hiyo ndiyo picha ninayoiona. Bajeti karani mzuri anaiweza.

Wateja usiwaache wote. Baki na wachache, hata ukionekana mkaidi. Mkuu asiyekaa tena na mteja huanza kugawa kesi kwa kikokotoo: huyu ana sita leo, aongezwe wa saba, na wa saba ni mtoto aliyebakwa. Huyo mama wa makamo abaki kwako. Edward Bordin mwaka 1979 aliutazama ushirikiano wa mteja na mtibabu kwa pande tatu, yaani malengo mnayokubaliana, kazi mnayoifanya na uhusiano unaoibeba. Malengo na kazi unaweza kuviandika kwenye faili ukamkabidhi mwenzako. Uhusiano hauandikiki, na kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amefungua kinywa, huo ndio unaomshikilia asikifunge tena. Wengine waambie mapema, vikao kadhaa kabla, usiwaambie kwa ujumbe wa simu. Wachague kama wanataka mnasihi mwingine hapo au mahali pengine, na kikao kimoja mkae watatu pamoja na atakayempokea. Atakayekasirika mwache akasirike. Usimwambie umepanda cheo, utamlazimisha akupongeze huku anaumia. Mwambie kazi yako inabadilika na lini.

Rafiki yako sasa. Huwezi kuwa msimamizi wake wa kitaaluma, mnajuana mno. Hata tathmini yake ya kikazi omba iandikwe na mkurugenzi au mtu mwingine, walau mwaka wa kwanza. Na zungumza naye wewe, kabla tangazo halijabandikwa ubaoni. Mwambie unajua aliitaka nafasi, usimwombe radhi kwa kupewa. Mwambie aliyokuambia kama rafiki hayataingia kwenye faili lolote, ila kuanzia siku utakapokikalia kiti, akikusimulia kwamba amemwacha mteja wa hatari bila kumfuatilia, hutaweza kujifanya hukusikia. Anaweza akapunguza kukusimulia. Anaweza akanuna miezi. Sioni njia ya kuikwepa gharama hiyo, na anayekuambia urafiki utabaki vilevile hajawahi kumsimamia rafiki yake.

Kamati ya maadili iache mwaka huu. Naipenda kamati hiyo kuliko kamati zote, kwa sababu hakuna darasa linalofundisha mipaka, usiri na utunzaji wa kumbukumbu kama kukaa siku nzima na lalamiko la mteja aliyeumizwa na mwenzako. Na uongozi wa taaluma nje ya ofisi si wa kujionyesha. Huko Marekani, Virginia ndiyo iliyotangulia kuwatungia wanasihi sheria ya leseni, mwaka 1976, na California ikawa jimbo la mwisho mwaka 2009. Hiyo ni miaka 33 ya watu walioacha wateja wao mchana wakaenda kubishana na wabunge. Kenya ilipata sheria yake ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Vyama ndivyo vinavyosukuma mambo hayo. Lakini viti viwili vipya kwa mwaka mmoja, na uchovu huo, hapana. Waambie watakukuta uchaguzi ujao. Ukikikataa cheo hiki cha kituoni, hapo gombea.

Mumeo msalimie. Mwambie ukuu wa vitengo vya unasihi ni bahati inayorudi mapema kuliko anavyofikiri, wanaoushika wanachoka sana.

Kwa mkurugenzi andika barua, usimjibu ukiwa umesimama kwenye korido. Ndani yake weka msimamizi wa nje, mafunzo ya usimamizi, saa za kuona wateja zilizotengwa kwenye ratiba yako, tathmini ya rafiki yako iwe kwa mtu mwingine, na likizo uliyolimbikiza uichukue kabla ya kuanza. Mafunzo anaweza kukuomba usubiri robo mwaka kwa sababu ya fedha. Kubali, mradi wanafunzi nao wasubiri. Akikubali yote akagoma kwenye msimamizi wa nje, kataa cheo, kisha mtafute huyo msimamizi kwa fedha yako ukiwa hapohapo ulipo. Hilo usilingojee mwisho wa mwezi. Anza kupiga simu wiki hii, na ukianza naye, la kwanza kumwambia liwe hili la kufurahi mteja asipokuja.

Shangazi